Baridi Huingilia Chini: Vifaa vya Kulalia Mlimani kwa Mwenye Fedha Kidogo

Usiku wa tano wa safari yangu ya kwanza ya Kilimanjaro, katika kambi ya Karanga iliyo karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, nilivaa kila nguo niliyokuwa nayo na bado sikupata usingizi. Mfuko wa kulalia nilikuwa nimeukodi mjini Moshi, na lebo yake ilieleza kwamba unafaa hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Nilijifunika koti juu ya mfuko, nikaongeza sweta, nikaongeza hata taulo, lakini nyonga na bega lililogusa chini vilizidi kufa ganzi, na kila nilipogeuka baridi ilihamia upande mwingine pamoja nami. Asubuhi mmoja wa wagumu, kama wapagazi wa mlima ule wanavyoitana, aliingiza mkono chini ya mfuko wangu, akakibonyeza kigodoro chembamba nilichokuwa nimelalia, akasema: "Dada, wewe unajifunika juu, na baridi inakuingilia chini." Usiku uliofuata, katika kambi ya Barafu ambayo iko juu zaidi, aliniletea kigodoro cha pili. Nikatandika vyote viwili, na ndani ya mfuko uleule nililala kwa saa nne mfululizo, hadi nilipoamshwa kwa safari ya kileleni.

Tangu siku hiyo nimerudi Kilimanjaro mara mbili, nimepanda na Mlima Meru, na sijawahi kununua mfuko mpya wa dukani. Ushauri wangu kwa mwenzangu anayehesabu kila shilingi ni kwamba fedha yake ya kwanza aitumie kwenye kile kitakachokuwa chini ya mgongo wake, kabla hajaanza kufikiria mfuko. Sababu yake si ngumu kueleweka. Mfuko wa kulalia hauna joto lake wenyewe. Kazi yake ni kushika hewa tulivu katikati ya manyoya au nyuzi ili joto la mwili lisitoroke. Unapolala juu yake, uzito wako unaigandamiza ile sehemu ya chini, hewa inatoka, na kinachobaki kati yako na ardhi ni kitambaa tu. Ardhi ya mlimani nayo huendelea kunyonya joto usiku kucha bila kuchoka. Ndiyo maana hata vipimo rasmi vya mifuko hufanywa mfuko ukiwa umewekwa juu ya godoro la kuzuia baridi, na anayelala bila godoro la kutosha hana haki ya kuilaumu lebo.

Uwezo wa kigodoro kuzuia baridi hupimwa kwa kipimo kinachoitwa R, na namba inavyokuwa kubwa ndivyo joto linavyopita kwa shida. Kigodoro cha kawaida cha povu gumu lililokunjwa au kuviringishwa huwa na R ya karibu 2 au pungufu kidogo, ambayo yatosha usiku wa kawaida wa nyanda za chini lakini haitoshi palipo na theluji. Kwa usiku wa chini ya sifuri mimi hutafuta 4 au zaidi. Jambo la kufurahisha kwa mwenye fedha kidogo ni kwamba namba hizi hujumlishika: vigodoro viwili vya R 2 vikipangwa kimoja juu ya kingine huwa na R 4. Vile vya kujazwa upepo vyenye R 5 na kuendelea ni vyepesi na vizuri sana, lakini bei yake hulingana na gharama ya safari nzima ya Meru kwa baadhi yetu, na vikitoboka saa nane za usiku hubaki plastiki tupu. Povu halitoboki.

Hapa kuna tofauti moja ambayo ni lazima uijue kabla ya kutoa fedha. Sponji la godoro la nyumbani lina matundu yaliyofunguka. Hunywa maji na hugandamizwa kabisa na uzito wa mwili. Povu linalofaa ni lile ambalo kila kitundu chake kimefungwa peke yake. Ukitaka kulitambua, kata kipande kidogo, kizamishe kwenye bakuli la maji na ukibinye: kikitoa mapovu kisha kikinywa maji, kiache. Mikeka ya rangi ya kuunganisha, ile inayotandikwa sakafuni watoto wachezee, mara nyingi ni povu la aina hii lenye unene wa karibu sentimita moja, na vipande vichache kuanzia mabegani hadi magotini vinatosha kuwa tabaka la pili. Chini ya miguu naweka begi langu likiwa tupu. Mikeka ya mazoezi iliyo mizito na myembamba sikushauri kuibeba, kwa sababu inachosha mgongo mchana na haiulindi usiku.

Njia unayochagua inaweza kukuondolea gharama hii yote. Kwenye njia ya Marangu wasafiri hulala katika vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, ambamo kuna vitanda na magodoro, na Meru ni vivyo hivyo katika vibanda vya Miriakamba na Saddle. Kwenye Machame, Lemosho na njia nyingine za mahema, unalala ardhini.

Baada ya godoro, jiulize unakwenda kwenye baridi ya kiasi gani, kwa maana wengi hununua kwa hofu badala ya hesabu. Kwa wastani joto la hewa hushuka karibu nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ikiwa Moshi, iliyo karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, usiku una nyuzi 16, basi Barafu, kwenye zaidi ya mita 4,600, tarajia karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Ni makisio tu, na upepo au usiku mkavu usio na wingu unaweza kuyazidi, lakini yanatosha kukuonyesha kwamba mfuko wa nyuzi 5 juu ya sifuri ni hatari, na kwamba ule wa nyuzi 30 chini ya sifuri ni mzigo unaolipia bure.

Lebo za mifuko iliyopimwa kwa utaratibu wa Ulaya huonyesha namba tatu, na wauzaji hupenda kuitaja iliyo baridi kuliko zote kwa sababu ndiyo inayovutia. Namba ya kwanza ni ya starehe, yaani kiwango ambacho mwanamke wa kawaida hulala kwa utulivu. Ya pili ni ya mpaka, ambapo mwanamume wa kawaida hulala akiwa amejikunyata. Ya tatu ni ya hatari: ni kiwango cha kunusurika kifo kwa saa chache, na hata hapo baridi inaweza kukuharibu vidole. Ule mfuko wangu wa kukodi ulikuwa na nyuzi 15 chini ya sifuri katika namba hiyo ya tatu, na mimi niliisoma kana kwamba ni ahadi ya usingizi. Sasa nasoma namba ya starehe peke yake, na dada zangu wanaopanda mlima nawasihi wafanye hivyo, kwa kuwa kipimo hicho ndicho kilichotufikiria sisi.

Mifuko iliyotoka Marekani huandikwa kwa Farenhaiti, na hapo ndipo nilipopata bahati yangu. Katika soko la Memorial mjini Moshi niliukuta mfuko wenye alama ya 20, na muuzaji, mtu mkweli kabisa, aliniambia ni wa hali ya hewa ya joto, hautanifaa mlimani. Nyuzi 20 za Farenhaiti ni karibu nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri. Nilimweleza maana ya namba ile, tukapatana bei, na mfuko huo ndio ninaoutumia hadi leo, nikiwa nimevaa nguo kavu za sufu ndani yake. Kwa walio karibu na Mlima Kenya, Gikomba ya Nairobi nayo hupokea mitumba ya aina hii, ila inataka kuamka mapema na kuwa na subira ya wiki kadhaa.

Kwenye mitumba mimi hutafuta manyoya ya bata, si nyuzi za polista, ingawa nikinunua kipya ningechagua kinyume chake. Nyuzi za polista zikishakandamizwa kwa miaka huvunjika na kulala, na hakuna kufua kunakozirudishia unene. Manyoya hufufuka. Mfuko wa manyoya ulioonekana umekufa ndani ya robota unaweza kutuna tena ukisafishwa vizuri, ndiyo maana bei yake huwa ndogo kuliko thamani yake. Udhaifu wa manyoya ni maji: yakilowa hushikana mabonge na kuacha kuzuia baridi, wakati polista hubakiza sehemu ya kazi yake hata ikiwa na unyevu. Kwa hiyo anayepanda wakati wa masika, Machi hadi Mei, afikirie polista iliyo nzima, au aubebe mfuko wake wa manyoya ndani ya mifuko miwili isiyopitisha maji.

Nikiukuta mfuko sokoni huutikisa kwa nguvu, huutandaza na kuuacha kwa dakika kumi huku nikitazama vitu vingine. Nikirudi naupima kwa kiganja: mimi hutaka utune walau sentimita 12 tabaka zote mbili pamoja. Kisha nauinua juu dhidi ya jua, chumba baada ya chumba, yaani vile vigawanyo vilivyoshonwa kuyashika manyoya, kwa sababu mahali ambapo mwanga unapita wazi ndipo baridi itakapopita. Naunusa; harufu ya ukungu haitoki kirahisi. Zipu naifungua na kuifunga hadi mwisho mara tatu, nikikagua kama nyuma yake kuna bomba la manyoya, yaani ule mkunjo uliojazwa manyoya unaozuia baridi isipite kwenye zipu, na kofia ya mfuko naivaa palepale sokoni ili nione kama kamba inakaza kuzunguka uso. Tundu dogo la kitambaa halinitishi, linazibwa kwa kiraka cha gundi.

Kosa nililofanya ni la kufua. Mfuko wangu wa kwanza wa manyoya niliuloweka kwa sabuni kali ya unga, kisha nikauinua kutoka kwenye beseni kwa ncha moja, ukiwa mzito kwa maji. Sabuni iliondoa mafuta ya asili ya manyoya, na uzito ukachana kuta za ndani zinazoyagawa, hivyo yote yakashukia miguuni. Uoshe kwa sabuni laini kidogo sana, usuuze hadi maji yawe safi, uubebe kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, uutandaze kivulini penye upepo, na kwa siku mbili au tatu uyavunje mabonge kwa vidole hadi usiguse hata moja.

Fedha ikibana kabisa, kukodi si aibu, mradi uukague mfuko wa kukodi kwa ukali uleule. Shuka la ndani husaidia zaidi usafi kuliko joto. Ile karatasi ya kujifunika ya rangi ya fedha inayong'aa ni ya dharura tu, maana hukulowesha kwa jasho.

Jioni mwombe mpishi ajaze chupa yako ngumu maji ya kunywa yaliyochemka, uivishe soksi na uiweke katikati ya mapaja. Kula kabla ya kulala hata kama mwinuko umekuondolea hamu, nenda haja ndogo, badili nguo zote ulizotembea nazo, na usipumulie ndani ya mfuko, kwa sababu mvuke wa pumzi hugeuka unyevu kwenye manyoya. Hema nalo lisifungwe kabisa.

Vigodoro vyangu viwili vya ziada niliwaachia wagumu mwisho wa safari ya pili. Wao hulala kwenye baridi hiyohiyo, mara nyingi wakiwa na vifaa hafifu kuliko vyetu, na shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project lililoko Moshi huwaazima nguo za mlimani bila malipo. Mwenye kifaa kizima asichokitumia anajua pa kuuliza.

Kabla ya kuondoka, lala usiku mmoja nje na vifaa vyako vyote, uani au kwenye kilima kilicho karibu nawe, ukiwa na nguo zilezile utakazolalia mlimani, na uandike ni sehemu gani ya mwili ilikuamsha. Ikiwa ni mgongo, ongeza povu. Ukirudi kutoka mlimani, usiurudishe mfuko kwenye kifuko chake kidogo; wangu unaning'inia kabatini ukiwa umefunguliwa, ili manyoya yasilale.