Maswali na Majibu: Nukta Zaidi, Jicho Lile Lile

Sebule yangu ya Mji wa Kale ni nyembamba. Kutoka kochi hadi runinga ni mita 3. Nina runinga ya inchi 55 yenye nukta (vidoa vidogo vinavyounda picha) 1,920 kwa 1,080. Nikinunua 4K, yaani yenye nukta mara mbili kila upande, ya ukubwa huo huo, nitaona tofauti?

Ahsante kwa kutaja vipimo. Kwa nukta peke yake, hutaiona. Jicho zima, yaani linalosoma mstari wa 6/6 kwenye ubao wa herufi uliobuniwa na Snellen mwaka 1862, hutenganisha vitu viwili pale tu pembe iliyo baina yao inapofikia sehemu moja ya sitini ya digrii. Nukta ya runinga yako ina upana wa milimita 0.63 hivi, kwa hiyo ukivuka mita 2.2 nukta hizo huungana machoni mwako, nawe umeshauvuka mpaka huo. Ili uifaidi 4K yote itakubidi usogee hadi mita 1.1, uvuke meza ya chai. Usidanganywe dukani, ambako unasimama umbali wa mkono mbele ya picha iliyoandaliwa kwa maonyesho na mwanga umepandishwa hadi mwisho.

Kabla ya kutoa hata shilingi, chora mistari miwili myeusi ya milimita 1, uache mwanya wa milimita 1 katikati, ubandike karatasi ukutani kwenye mwanga wa kutosha, kisha urudi nyuma polepole. Kwa jicho la 6/6 mwanya hupotea karibu na mita 3.4. Ukipotea kabla ya mita 2, fedha hizo zinunulie miwani.

Na 8K, yenye nukta mara mbili ya 4K kila upande?

Kwa inchi 55, ili uifaidi kaa sentimita 55 kutoka kwenye kioo.

4K ni nzuri?

Inchi ngapi, na unakaa wapi? Nimeliuliza hili hadi nimechoka.

Nimenunua 4K, lakini picha ya king'amuzi imefifia kuliko zamani.

Runinga haiwezi kuonyesha kisichotumwa. Nukta zilizopungua inazikisia. Umenunua sinia kubwa, pilau ni ile ile.

Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Apple, alisema mwaka 2010 kwamba nukta 300 kwa inchi zinalitosha jicho. Simu za nukta 500 ni ulaghai, basi?

Alikuwa akisema simu iliyoshikwa inchi 10 hadi 12 kutoka usoni, na kwa jicho la 6/6 hesabu yake haikuwa mbali na kweli. Lakini wako vijana wenye macho makali kuliko hapo, tena jicho hugundua mstari uliovunjika kidogo hata pale lisipoweza kutenganisha nukta zenyewe. Anayesoma msahafu simuni, pamoja na zile irabu zake ndogo, akiisogeza karibu atanufaika. Anayetazama video tu analipia namba.

Mwanangu wa miaka minane huisogelea runinga mno. Nimtafutie yenye nukta nyingi zaidi?

Mpeleke akapimwe macho wiki hii.