Kutu ya Pwani na Cheche za Drili

SWALI: Mimi ni seremala, na karakana yangu ipo karibu na bahari. Kila jioni hufungia patasi, randa na misumeno katika sanduku la bati lisilovuja, lakini masika yakiingia nakuta kutu asubuhi. Nilipopaka mafuta ya kupikia, vifaa vilianza kunata. Nifanye nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, sanduku lisilovuja huzuia mvua tu, haliondoi unyevu ulioufungia humo jioni. Bati linapopoa usiku, unyevu wa hewa iliyobaki ndani hugeuka kuwa matone madogo sana juu ya chuma. Huko pwani kuna jambo la pili, ambalo naliona kubwa zaidi: chumvi inayopeperushwa kutoka baharini, pamoja na ile ya jasho la mikono yako, hutua juu ya chuma, huvuta unyevu hata siku isiyo na mvua, na kuharakisha kutu. Ukipaka mafuta juu ya patasi ambayo haijafutwa, umeifungia chumvi hiyo chini ya mafuta.

Kwa hiyo kazi ya jioni ianze na kusafisha. Ondoa maranda na vumbi la mbao kwa brashi, kwa maana vumbi hushika unyevu, kisha futa chuma kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo ya chumvi, ukaushe chuma hicho kabisa, ndipo upake mafuta ya cherehani, tabaka jembamba tu. Mafuta ya kupikia yakikaa hewani huganda na kuwa utando unaonasa vumbi, na oili chafu ya gari huacha madoa ambayo vanishi haishiki juu yake. Kwa uso wa chini wa randa, sugua nta ya mshumaa. Randa itateleza vizuri bila kuchafua mbao. Sanduku lenyewe liinue kutoka sakafuni, na kama unaweza, tengeneza la mbao, kwa sababu mbao hazitoi jasho kama bati.

Kutu iliyokwisha kuingia unaweza kuiondoa kwa kuloweka chuma, bila mpini, katika siki kwa usiku mmoja. Usizidishe, kwani siki ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, kausha na upake mafuta papo hapo. Kagua hasa mgongo wa patasi: makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, hivyo mgongo wenye vishimo vya kutu hautakupa makali safi hata ukinoa upande wa mbele kutwa nzima. Sugua mgongo huo juu ya kinoo mpaka uwe bapa. Ukitumia mashine ya kunolea, chovya patasi majini mara kwa mara, kwa kuwa ncha ikigeuka buluu imepoteza ugumu wake, na sehemu hiyo itabidi isagwe yote iishe.

SWALI: Drili yangu ya umeme hutoa cheche nyingi na harufu ya kuungua. Je, mota imekufa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Huenda bado. Cheche chache ndogo ni za kawaida kwa mota yenye kaboni (vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), lakini zikiwa kubwa na kuzunguka duara lote la shaba linaloguswa na kaboni, hapo pana tatizo. Chomoa waya wa umeme kwanza, kisha toa kaboni uzitazame. Zikiwa fupi sana au zimelika upande, badilisha zote mbili kwa pamoja. Safisha vumbi kwenye matundu ya kupitishia hewa, na uache kutumia waya mrefu na mwembamba wa kuungia, maana umeme hupungua njiani na mota hupata joto kupita kiasi. Cheche zikiendelea, mpelekee fundi wa mota aikague rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, kabla hujaiwasha tena.