Albamu ya kwanza ya Kansas (1974): fidla inayokwaruza mwisho wa upande A

Mkuu umeuliza kama santuri yako ya Kansas, ile bendi ya roki ya Marekani, imekufa, maana "Can I Tell You" inatoka safi halafu "Journey from Mariabronn" inakwaruza kama redio iliyopotea stesheni. Usiitupe bado.

Angalia nyimbo zilivyopangwa. Upande A una nyimbo tano, dakika 23 na ushee, na Mariabronn ndio wa mwisho: dakika 7 na sekunde 55, umebanana na lebo. Santuri inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika mwanzo hadi mwisho, ila duara linazidi kuwa dogo. Ukingoni sindano inapitia kama sentimita 51 za mfereji kwa sekunde. Kule ndani ni 21 hivi. Sauti ileile inashindiliwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na zinazoumia kwanza ni za juu: matoazi, herufi "s" ya mwimbaji, na fidla. Sasa hii ni bendi ambayo fidla ya Robby Steinhardt si pambo. Inashika melodia bega kwa bega na gitaa na ogani, na aliyekulia kwenye taarabu ataielewa haraka kuliko mtu wa roki tupu. Ndiyo maana kasoro unaisikia sana hapa. Upande B mambo ni yaleyale kwenye wimbo wa mwisho, "Death of Mother Nature Suite".

Kwanza sikiliza Mariabronn kwenye CD au mtandaoni. Fidla ikitoka kali lakini nzima, basi Wally Gold aliyesimamia kurekodi pale studio ya Record Plant, New York, hana kosa. Tatizo liko kwako mezani.

Anza na uchafu. Maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke (yale ya betri, yasiyo na asidi), tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Futa kwa kufuata mfereji, usikatize, suuza kwa maji hayohayo yasiyo na sabuni, na lebo isilowe. Spiriti wengine wanaitumia kwenye santuri za vinaili, lakini isiguse kabisa zile nzito za kale za mizunguko 78 kwa dakika, zikiwemo za taarabu za zamani: zimetengenezwa kwa sheleki, na spiriti inaiyeyusha.

Halafu uzito wa sindano. Fuata namba ya mtengenezaji wa katriji yako (kile kidude cha mbele ya mkono kinachoshika sindano), nyingi ziko kati ya gramu 1.5 na 2.5, na pima kwa mizani ndogo ya kidijitali badala ya kuamini namba za kwenye mkono. Watu wanaogopa uzito mkubwa na kuweka mdogo mno, kumbe sindano nyepesi ndiyo inayorukaruka mferejini na kuuchimba. Sarafu juu ya kichwa cha mkono nayo iacheni, jamani.

Kinachofuata ndicho mara nyingi kinamaliza kesi: mkao wa katriji. Chapa kipimo cha karatasi cha kupangia katriji, chenye nukta mbili na mistari, kwa asilimia 100 (pima kwa rula, printa hupunguza), legeza skrubu mbili, sogeza katriji hadi isimame sambamba na mistari kwenye nukta zote mbili. Milimita moja tu ikipotea, ukingoni hutasikia kitu, ila ndani itakuumbua. Ikiwa mkwaruzo uko zaidi spika ya kulia, ongeza kidogo anti-skeiti (kirekebishi kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati). Ukiwa kushoto, punguza.

Ukishafanya yote na bado inakwaruza, badili aina ya sindano. Ya ncha ya duara haiwezi kufuata mikunjo midogo ya kule ndani. Ya duaradufu ni nafuu, na ya mikrolaini, yenye ncha nyembamba sana, ndiyo inayoifuata vizuri zaidi, tena hugusa sehemu ya ukuta ambayo huenda sindano ya mwenye santuri wa kwanza haikuilima.

Jitihada hiyo inalipa, kwa sababu uzito wa albamu hii uko kwenye nyimbo ndefu. "Bringing It Back" ni ya J.J. Cale, nzuri ya kuchangamsha, basi. Lakini Mariabronn (jina ni la nyumba ya watawa katika riwaya ya Hermann Hesse) na "Apercu" ya dakika 9 na sekunde 43 ndizo zinazoonyesha vijana hawa wa Topeka walikuwa wanaelekea wapi, miaka miwili kabla ya albamu yao Leftoverture.

Na anayetaka kununua iliyotumika asidanganywe na jalada zuri, lile la John Brown, mpinga utumwa mwenye ndevu, Biblia mkono mmoja na bunduki mwingine, kutoka mchoro wa John Steuart Curry ulioko jengo la bunge la jimbo la Kansas. Itoe santuri, iinamishe chini ya taa, tazama sentimita mbili za mwisho kabla ya lebo. Zikiwa nyeusi zinazong'aa, chukua. Zikiwa na ukungu wa kijivu, mfereji umeshaliwa na hakuna sindano itakayourudisha.