Margaret Kenyatta hakuanzia kwenye umeya
Wapo wanaosema Margaret Kenyatta alipewa umeya wa Nairobi kwa sababu tu ni binti wa Mzee Jomo Kenyatta. La, hakutolewa sebuleni kwa babake akavishwa mkufu wa meya. Alikuwa diwani wa Dagoretti tangu 1963 (nyanyangu alikuwa mpiga kura wake) na katikati ya miaka ya 60 aliongoza Baraza la Kitaifa la Wanawake. Umeya wa Nairobi ulikuja 1970, akakaa hadi 1976. Jina la Mzee lilimbeba, nani atabisha? Ila siku hizo meya alichaguliwa na madiwani wenzake pale City Hall, si sisi wananchi. Na ile sifa ya meya "mwanamke wa kwanza" ni ya mwanamke Mwafrika wa kwanza, tena kwa Nairobi tu. Kisumu walikuwa na meya Grace Onyango tangu 1965.