Difu ya Nyuma: Lini Uibadilishe Mwenyewe, Lini Umwachie Fundi

Difu ya nyuma, yaani kasha la gia linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya nyuma, inapoanza kulia, wenye magari wengi huanza kwa kupiga hesabu ya fedha watakazookoa wakiibadilisha wenyewe. Kwa hapa Dar es Salaam naona hesabu hiyo haitufikishi mbali, kwa sababu ujira wa fundi kwa kawaida ni mdogo ukilinganishwa na bei ya difu yenyewe. Niliibadilisha ya pikapu yangu, Hilux ya zamani yenye ekseli nzima nyuma, kwa sababu nyingine kabisa: nilitaka kujua kwa hakika ni kitu gani kimeharibika, na ni kitu gani kinaingia mahali pake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, ambayo kila mwenye gari anaweza kuifanya hata kama hatashika spana tena baada ya hapo, ni kuhakikisha kwamba mgonjwa ni difu. Mlio wa difu hubadilika unapokanyaga mafuta na unapoachia. Mlio unaobadilika gari linapoelemea kulia au kushoto kwenye kona mara nyingi ni wa beringi ya tairi, na kishindo unachosikia wakati wa kuingiza gia au kuondoka kinaweza kuwa cha krosi zilizolegea, viungo vya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu hadi kwenye difu, ambazo bei yake haikaribii ya difu. Kisha mwaga oili, ila fungua kwanza boliti ya kujazia iliyo juu, kwa maana ukimwaga halafu boliti hiyo ikakataa kufunguka, utabaki na gari lisilo na oili na lisiloweza kwenda popote. Boliti ya chini katika magari mengi ina sumaku. Futa ule uji mweusi uliogandia pale na uusugue kati ya vidole: ukiwa laini, huo ni ulaji wa kawaida wa chuma, ukikuta vipande vyenye kingo au kipande cha jino, jibu umelipata. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiliwa na maji, jambo la kawaida kwa gari lililopita kwenye mafuriko kama yale ya Jangwani, na ikigundulika mapema, kubadilisha oili na sili, pamoja na kuzibua kipumulio cha ekseli, kunaweza kutosha.

Ikiwa difu imekufa kweli, wengi wetu tutaishia kwenye maduka ya spea za mtumba za Ilala na Gerezani, na hapo ndipo ninapoona fedha nyingi zaidi zinapotea. Difu mbili zinaweza kufanana kwa macho, boliti zikakaa sawasawa, lakini uwiano wa meno ukatofautiana. Hesabu meno ya krauni, gia kubwa ya ndani ya difu, na ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha: 41 kwa 10 ni 4.1, na 43 kwa 10 ni 4.3. Kwenye gari linalovuta magurudumu yote manne, uwiano wa nyuma usiolingana na wa mbele utaharibu mfumo mzima ukiunganisha magurudumu yote manne kwenye lami. Nenda na difu yako ya zamani, zungusha ile mpya kwa mkono polepole ukisikiliza kama inakwaruza mahali popote, na udai risiti iliyoandikwa muda wa kuijaribu.

Kazi yenyewe haihitaji akili nyingi kama inavyohitaji mahali panapofaa. Difu haitoki mpaka shafti za ekseli zichomolewe, na za Hilux kama yangu haziwezi kuchomolewa bila kufungua mabomba ya breki na kulegeza nyaya za breki ya mkono, kwa hiyo anayeibadilisha difu anapaswa pia kujua kutoa hewa kwenye breki, na asiyejua asianze. Magari yenye sospensheni huru nyuma, ambapo kila tairi hupanda na kushuka peke yake, kama RAV4 na Mark X, yana utaratibu tofauti: difu imefungwa kwenye fremu, na drai shafti, zile shafti fupi zinazozungusha magurudumu, huchomolewa pembeni. Kwa vyovyote vile ni mzigo mzito unaoshuka ukiwa umelala chini yake, na gaskiti ya zamani ikiachia, huachia ghafla. Nasisitiza hili kwa moyo wote: sakafu iwe ya saruji, gari likae juu ya stendi imara, jeki ya pili iwe chini ya difu, na awepo mtu wa kukusaidia. Kwenye uwanja wa mchanga, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Mbagala au Kigamboni, stendi huzama upande mmoja, na hilo peke yake linatosha kulipeleka gari gereji.

Kubadilisha krauni na pinioni ndani ya difu ni jambo jingine. Nafasi kati ya meno hupimwa kwa sehemu ndogo sana za milimita, beringi hukazwa kwa kipimo, na bila vifaa vya kupimia meno mapya yatalia na kulika mapema. Hiyo mpe fundi anayeshughulika na difu kila siku, nawe usimame karibu.

Ukishafunga, jaza oili ya daraja la GL-5, kwa kawaida 80W-90, gari likiwa sehemu tambarare, mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Difu zenye mfumo wa kuzuia tairi moja kuzunguka ovyo zina oili yake maalumu. Endesha mwendo mfupi, kisha rudi chini ya gari na tochi ukague sili ya pinioni na ukingo wa gaskiti.