Ufa wa zege husomwa kwanza, kisha ndiyo huzibwa

Assalaam alaykum maalim. Nasoma ufundi wa ujenzi hapa Chake Chake. Tumefundishwa kwamba ukuta wa bwawa wa zege unaweza kuvimba wenyewe ukapasuka, bila ya kuzidiwa na mzigo. Je, unatibika? Na sisi wa visiwani yatuhusu nini?

Waalaykum salaam, mwanangu. Yatuhusu sana. Umeme wa Pemba unapita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na sehemu kubwa ya umeme wa bara hutoka kwenye mabwawa.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Saruji ina alkali, jamii ya magadi, na kokoto za baadhi ya miamba zina silika, madini yaleyale ya kioo, isiyotulia. Vikikutana penye unyevu hutoa ute, mfano wa ute wa bamia. Ute huo hunywa maji, huvimba, na hulipasua zege kutokea ndani. Thomas Stanton aliueleza huko California mwaka 1940. Hauna haraka: ukuta unaweza kukaa miaka kumi au ishirini hauoneshi kitu, kisha uso wake ukajaa nyufa zilizosukana kama wavu. Usidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Jirani zetu Kenya waliukuta kwenye njia ya kumwagia maji ya ziada ya bwawa la Kamburu, Mto Tana.

Kutibika kabisa, hapana. Ndani ya ukuta mnene hakuna dawa inayofika kote. Kinachowezekana ni kuishi nao kwa akili. Jersey, karibu na Ufaransa, ni kisiwa kidogo kuliko Pemba, na bwawa lao la Val de la Mare lilifunguliwa 1962. Mwaka 1971 waliona nyufa na sehemu za ukuta zimehama. Hawakukimbilia kupiga plasta. Walitoboa matundu ya kutoa maji ndani ya ukuta, wakaufunga kwa vyuma vilivyozamishwa hadi kwenye mwamba, wakaendelea kuupima. Bwawa la Mactaquac, Canada, lililoanza kazi 1968, zege lake hukatwa mifereji kwa waya wa almasi ili uvimbe upate nafasi. Mifereji hujifunga tena, nao hukata tena. Chambon, Ufaransa, walikata vilevile, na upande wa maji wakauvika ngozi ya plastiki ili zege lisinywe.

Watu hunitolea methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Naiheshimu, lakini mafundi wanaitumia vibaya. Ukuta unaovimba ukiusindilia saruji kwenye ufa, uvimbe haukomi, na mwakani utapasuka pembeni yake. Wewe utakuwa umepoteza pesa, na alama ya kupimia umeifukia kwa mikono yako.

Ukihitimu, pigania kokoto zipimwe kabla ya siku ya kumwaga zege. Majivu ya makaa ya mawe yakichanganywa kwenye saruji kwa kipimo kinachofaa husaidia mno. Zege likishamwagwa umeshachelewa.

Swali kutoka nyumba ya wageni, Nungwi: dari ya zege inadondosha vipande na ina madoa mekundu. Fundi amesema ni ugonjwa huohuo wa mabwawa, tupake rangi ya kuzuia maji.

Fundi amekosea mara mbili. Kokoto zetu za matumbawe karibu zote ni chokaa, kwa hiyo ugonjwa wa silika si wa kwanza kuushuku hapa. Madoa mekundu ni kutu ya nondo. Chumvi imeingia kwa upepo wa bahari au, ninavyohofia zaidi, iliingia siku ya kwanza pamoja na mchanga wa pwani. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana inalisukuma zege likadondoka. Rangi itaficha tu.

Ondoeni wageni chini ya dari hiyo leo, msingoje msimu uishe. Wekeni nguzo. Kisha aje mhandisi agonge dari yote kwa nyundo. Panapolia mvungu pamekwisha achana, na zege lenye chumvi libomolewe mpaka nyuma ya nondo. Nondo zisuguliwe ziwe nyeupe, zilizoliwa sana ziongezewe mpya, ndipo pazibwe upya. Mkiziba juu ya kutu mtarudia kazi hiyohiyo. Naandika kwa uchungu, kwa sababu dari haimwambii aliyelala saa yake ya kuanguka.

Je, mchanga wa pwani nikiuosha kwa maji ya mvua unafaa?

Nimeulizwa hili mara nyingi mno, na kila mara muulizaji ameshanunua. Ndoo mbili tatu za maji si kuosha. Penye nondo usiutie bila kipimo cha chumvi cha maabara.

Birika la msikiti wetu, Wete, linavuja. Tumepiga plasta nje mara mbili na maji bado yanatoka, yanaacha weupe ukutani.

Mnaziba mahali maji yanapotokea, nayo yanasukuma kutoka ndani. Likausheni, mlisafishe, mzibe upande wa maji, kama walivyofanya Chambon. Weupe ule ni chokaa ya saruji inayooshwa na kutolewa nje, kwa hiyo kila mwezi mnaochelewa ukuta unadhoofika. Tena dawa ya kuzibia iwe ya maji ya kunywa. Nimeona watu wakipaka lami ya barabarani ndani ya birika ambalo watoto hunywa maji yake.

Plasta mpya ina nyufa nyembamba kama unywele. Nibomoe?

Usibomoe. Ilikauka upesi kwa kukosa kumwagiliwa.

Nitajuaje kama ufa bado unatembea?

Chukua kipande chembamba cha kioo, ukigandishe kwa saruji juu ya ufa, pande zote mbili, uandike tarehe ukutani. Pima na upana wa ufa asubuhi, kabla jua halijaupiga ukuta. Usiguse kitu mpaka masika na kiangazi vipite. Kikivunjika, niandikie tena, na unipe tarehe zote mbili.