Re: Mteja analalamika marejesho ya kodi ni madogo

Pole mkuu. Umeuliza ufanyeje mteja akija juu kwamba marejesho (kodi anayorudishiwa) yamepungua kuliko mwaka jana, tena jirani yake kapata zaidi. Mimi sibishani. Naweka ritani (fomu za kodi alizowasilisha) mbili mezani, ya mwaka jana na ya mwaka huu, tunapita mstari kwa mstari. Mara nyingi jibu liko kwenye hati ya mshahara: mwajiri alikata kodi kidogo kila mwezi, kwa hiyo hela hiyo alishaipokea na kuila. Au mtoto amevuka umri wa kuhesabika kama tegemezi wa kumpunguzia kodi. (Ya jirani achana nayo, mshahara wake hamuujui.) Akiniomba "niongezee kidogo" matumizi yasiyo na risiti, namrudishia makaratasi yake hapohapo. Saini kwenye ritani ni yangu.